Mkojo wa Rangi ya Chai

Mashuka ya hospitali hayana likizo. Kila asubuhi mikokoteni hushuka na marundo yake, na kila jioni hupanda na mashuka meupe yaliyokunjwa vizuri. Katika chumba cha kufulia walifanya kazi wanawake kumi na wawili. Mmoja wao ndiye tunayemzungumzia hapa.

Kazini walimwita Nanga. Jina hilo alilipata kwenye kamba. Kila mwaka kulikuwa na siku ya michezo ya sehemu za kazi, na wanawake wa kufulia walishindana kuvuta kamba na wanawake wa kiwanda cha mikate. Wavutaji ni wanane kila upande. Wa mwisho hujizungushia kamba mwilini na kukita miguu chini. Huyo ndiye nanga. Yeye akiteleza, saba walio mbele yake wamekwenda na maji.

Mwaka uliopita aliteleza. Ilikuwa mara ya nne mfululizo kwa watu wa kufulia kushindwa, na safari hiyo kila mtu alimwona aliyesababisha. Wenzake hawakumlaumu. Walimtania tu, na utani wa mwaka mzima unachosha kuliko lawama. Alikuwa hawezi kuinua shuka lililolowa bila mtu kumwambia, "Nanga, angalia lisikuvute."

Basi alitaka kushinda. Alitaka kweli, kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba alitaka kwa moyo tu. Kwa miezi kumi na moja hakufanya zoezi hata moja. Zilipobaki wiki mbili ndipo aliposhtuka.

Kocha wao alikuwa fundi boila, mzee mpole aliyechemsha maji ya kufulia. Nyuma ya jengo aliweka pipa lililojaa mchanga na kulifunga kamba. Baada ya kazi wanawake walilivuta pipa hilo kutoka ukutani hadi kwenye geti.

"Leo mara tano tu," alisema fundi boila siku ya kwanza. "Miguu yenu bado imelala."

Wenzake walivuta mara tano. Nanga alivuta mara thelathini. Kisha alibeba furushi la mashuka mabichi mabegani, akachuchumaa na kusimama mpaka jasho likamwingia machoni. Maji hakunywa. Mchana kutwa alishinda kwenye joto la mapasi, na choo kilikuwa mbali, kwa hiyo alijizoesha kukaa na kiu. Aliona huo ni ujanja wa kazi.

Siku ya tatu mume wake alimkuta kwenye ngazi za nyumba yao. Waliishi ghorofa ya pili, na mume alikuwa fundi viatu mwenye kibanda chini ya jengo hilohilo. Nanga alikuwa anashuka huku ameshika ukuta kwa mikono miwili.

"Mama, mtu mzima unashuka ngazi kinyumenyume?"

"Kinyumenyume inauma kidogo."

"Si upumzike siku mbili."

"Kwani wenzetu wa mikate wanapumzika?"

"Wewe umejuaje kama hawapumziki?"

"Sijui. Ndiyo maana mimi sipumziki."

Mume alirudi kwenye viatu vyake. Alikuwa ameoa kwa miaka kumi na sita, na alijua wakati wa kusema na wakati wa kushona.

Jioni hiyo alikuja shemeji, mdogo wa mume. Alikuwa mlinzi kwenye ukumbi wa mazoezi ya kunyanyua vyuma. Shemeji huyu alikuwa na moyo mzuri na mdomo mwepesi, na vitu hivyo viwili vikikutana mtu huweza kukudhuru huku anakupenda.

"Shemeji, mbona unakaa kwa vituo?" aliuliza, akimtazama Nanga anavyojishusha kwenye kiti.

"Misuli."

"Misuli tu? Mimi dawa ninayo."

Alitoa kwenye mkoba wake kopo jeupe. Juu yake kulikuwa na picha ya jani na picha ya mkono wenye misuli iliyotuna. Hakukuwa na jina la kiwanda, wala tarehe, wala orodha ya kilichomo. Ndani kulikuwa na unga wa kijani uliofifia.

"Kuna nini humu?" aliuliza mume.

"Mizizi."

"Mizizi gani?"

"Mizizi saba, kaka. Ikishafika saba, huulizi tena."

"Mimi ukiniletea gundi isiyo na jina sipaki hata kwenye kandambili."

"Gundi ni kemikali. Hii ni asili, haina madhara. Wanyanyua vyuma wote pale ukumbini wanaitumia. Yule bwana anayeileta amenipa makopo kumi na moja niwauzie watu." Kisha alimgeukia Nanga. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Na mkojo ukibadilika rangi, shemeji, usishtuke. Ni uchafu wa misuli unatoka. Ukikolea ujue dawa inafanya kazi."

Kati ya yote yaliyosemwa siku hiyo, maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa mabaya zaidi. Shemeji hakuyatunga. Aliambiwa, akaamini, akayapeleka mbele kwa nia njema. Nanga naye aliamini, kwa sababu alitaka kuamini.

Lazima niseme jambo moja linaloniudhi. Nanga alifanya kazi hospitalini. Kutoka kwenye mashine zake hadi dirisha la mfamasia ilikuwa safari ya kupanda ngazi moja. Kila siku alifua makoti ya madaktari. Hakumuuliza hata mmoja wao.

Alikunywa kijiko cha kwanza. Unga ulikuwa mchungu, na uchungu huo ulimpa imani. Asubuhi alishuka ngazi mbiombio, akampita mume wake mlangoni na kumpungia mkono.

"Unaona?" alimwambia. "Haiumi hata kidogo."

Siku hiyo alivuta pipa mara arobaini. Fundi boila alimwambia apunguze. Alijibu kwamba maumivu yamekwisha, sasa apunguze kwa nini? Swali hilo lilionekana lina akili, na mzee wa watu alirudi kwenye boila lake.

Alivuta hivyo siku nne. Siku ya nne jua lilikuwa kali, na aliendelea hata wenzake walipokaa kivulini. Kesho yake, Jumamosi, mkojo wake ulitoka na rangi ya kahawia. Nanga alifurahi. Alitoka chooni anatabasamu na kuwakuta mumewe na binti yao mezani.

"Uchafu umeanza kutoka," alisema. "Umekolea kabisa, kama chai ya rangi."

"Mama, tunakunywa chai," alisema binti.

"Basi ndiyo hiyohiyo."

Binti alisukuma kikombe mbali. Mume aliweka kikombe chake chini. Aliuliza kama kweli hilo ni jambo la kawaida. Nanga alimjibu kwamba shemeji alishasema, na shemeji aliambiwa na mwenye dawa.

Jumapili asubuhi rangi ilikuwa nzito zaidi, chai iliyosahaulika jikoni. Tena mkojo wenyewe ulikuwa kidogo. Mapaja yalikuwa yamevimba na kukazana, na sketi yake ya kila siku ilimbana. Kichefuchefu kilikuja na kuondoka. Mtu mwingine angeogopa. Nanga alihesabu kwamba dawa imeshika kweli, akaongeza kijiko cha tatu.

Kisha alishuka taratibu hadi kwenye mabomba ya uani. Pale alimkuta jirani yao wa ghorofa ya kwanza anasuuza ndoo. Jirani huyo alikuwa mtu wa maabara katika hospitali ileile. Watu wa jengo walimwita Dada wa Maabara. Alikuwa hapendi umbea, lakini alijua kusikiliza.

"Dada, mwaka huu watu wa mikate watatukoma," Nanga alimwambia.

"Mazoezi yamekubali?"

"Yamekubali. Nimepata unga wa mizizi, unatoa uchafu wa misuli. Jana mkojo ulikuwa kama chai. Leo ni mweusi."

Dada wa Maabara alifunga bomba.

"Mweusi kiasi gani?"

"Chai ya rangi iliyolala."

"Toka asubuhi umekojoa mara ngapi?"

"Mara moja. Kidogo tu. Lakini sijisikii vibaya. Miguu tu imejaa, na chakula hakipandi."

"Kaa hapo kwenye ngazi," alisema Dada wa Maabara. Sauti yake haikupanda, ila ilibadilika. "Mumeo yuko wapi?"

"Kibandani. Kwani vipi?"

"Misuli haina uchafu wa kutoka kwa mkojo, mama. Kinachotoka ni misuli yenyewe. Tunakwenda hospitali sasa hivi, na hilo kopo lije."

Nanga alitaka kubisha. Alisema kesho ni zamu yake, atapita asubuhi akiwa kazini. Tena aliona aibu, maana ni hospitali yake, na watamcheka kwamba amekuja kuonyesha mkojo.

"Mficha uchi hazai," alisema Dada wa Maabara. "Na wewe hukuuficha, umenitangazia hapa bombani. Tusiharibu bahati hiyo. Simama."

Mume alifunga kibanda na kiatu cha mtu kikiwa bado kwenye kigingi. Binti alibeba kopo kwenye mfuko.

Hospitalini Nanga alitoa mkojo kidogo kwenye kichupa. Dada wa Maabara hakuwa zamu siku hiyo, lakini aliingia na kusimama karibu na mwenzake. Baadaye alitoka na kukaa nao kwenye benchi ili awaeleze. Alijua kwamba kungoja bila kuelewa ni adhabu.

"Tumechovya kijiti kwenye mkojo," alisema. "Kijiti kimesema kuna damu."

Mume alishika kichwa.

"Subiri, baba. Tukaweka tone chini ya hadubini. Hadubini imesema hakuna chembe za damu."

"Sasa nani mwongo?" aliuliza binti.

"Hakuna mwongo. Nyama ya misuli ina rangi nyekundu yake yenyewe. Kijiti hakiwezi kuitofautisha na damu. Mtu akifanya kazi nzito ghafla, mwili haujazoea, misuli inaweza kupasuka vipande vidogovidogo visivyoonekana. Rangi ile inaingia kwenye damu, halafu inafika kwenye figo. Figo ni chujio. Ikijaa vitu hivyo, na mtu hanywi maji, inaziba."

"Ikiziba?" aliuliza Nanga.

"Ikiziba inaacha kufanya kazi. Ndiyo maana mkojo umepungua. Daktari anangoja kipimo cha damu kuona kama figo zimeumia, na kwa kiasi gani."

Kwa wiki nzima Nanga aliwaza kamba. Sasa aliwaza figo zake mbili, ambazo hakuwahi kuziwaza maishani. Aliogopa, na aliwaambia kwamba anaogopa. Binti alimshika mkono.

Kipimo kilionyesha kwamba misuli imeumia sana na figo zimeanza kuelemewa. Daktari, mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi, alimlaza mara moja na kumtundikia dripu.

"Atapona?" aliuliza mume.

"Umemleta mapema kiasi. Maji haya yatasaidia kuzisafisha figo. Tutapima kila mkojo anaotoa, wingi wake na rangi yake. Ukiongezeka na kupauka, tunakwenda vizuri. Usipoongezeka, tutazungumza mambo mengine."

Hakuyataja mambo hayo mengine, na hakuna aliyemuuliza. Muuguzi alileta jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia.

Hivyo ndivyo familia nzima ilivyoanza kulinda jagi la mkojo. Jagi la kwanza lilikuwa jeusi, na lilifika mstari wa kwanza tu. La pili lilikuwa vilevile. Mume alikaa kwenye kiti na mikono yake yenye gundi, akitazama dripu tone kwa tone. Nanga, kwa kuwa ulimi haukuugua, aliona kwamba shuka alilolalia lina mkunjo.

"Hili halikupigwa pasi," alisema. "Nani alikuwa zamu?"

"Wewe," alisema mume. "Ijumaa."

Saa kumi jioni jagi la tatu lilifika mstari wa tatu. Asubuhi yake, Jumatatu, mkojo ulikuwa wa rangi ya chai nyepesi. Mchana ukawa chai ya maziwa isiyo na maziwa, kama alivyosema binti, na hakuna aliyeelewa lakini wote walicheka. Jumanne asubuhi muuguzi aliinua jagi dirishani. Lilikuwa limejaa, na mkojo ulikuwa wa njano iliyopauka, kama nyasi kavu.

Mume alisimama kuutazama. Kisha alikaa tena, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakamtikisika.

"Unalia mkojo?" aliuliza Nanga.

"Ndiyo," alisema mume. "Nalia mkojo."

Daktari alikuja na karatasi ya damu. Figo zilikuwa zinarudi katika hali yake. Hakukuwa na haja ya mashine, wala ya hospitali nyingine. Siku hiyo Nanga alikula chakula chote alichopewa.

Jioni shemeji alifika. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, hana hata neno moja la kutia chumvi. Daktari alikuwa bado yuko pale, na alikuwa na majibu ya mfamasia. Mfamasia alikuwa amelipeleka kopo kwa wapimaji wa dawa.

"Wamekuta majani makavu yaliyosagwa," daktari alisema. "Na ndani yake wamekuta vidonge vya kutuliza maumivu vilivyosagwa. Vingi."

"Lakini ilikuwa ya asili," alisema shemeji kwa sauti ndogo.

"Kopo lilisema hivyo. Kopo halina jina la mtengenezaji, utamshika nani? Na hata mmea wa asili kabisa unaweza kuwa na nguvu. Sumu nyingi ni za asili."

"Kwa hiyo mitishamba yote mibaya?" aliuliza mume.

"Sijasema hivyo. Tangawizi kwenye chai, manjano kwenye mchuzi, watu wengi hutumia bila shida. Wapo waliofanyiwa majaribio, wakaona inapunguza maumivu ya mazoezi kidogo. Wengine hawakuona tofauti. Lakini kiungo cha chakula si sawa na unga au kidonge kilichokolezwa. Hicho kinaweza kugombana na dawa nyingine, au kumdhuru mjamzito, mwenye figo mbovu, mwenye dawa za presha. Kwa hiyo ukitaka kukitumia, kwanza uliza. Kiwe na jina, orodha ya kilichomo, tarehe na usajili. Na ukija hospitali, tutajie kila unachokunywa, hata kama ni majani."

"Mimi maumivu yaliisha kabisa," alisema Nanga.

"Hapo ndipo ulipoumia. Maumivu yalikuwa yanakwambia pumzika. Unga ukayanyamazisha, wewe ukaongeza mzigo. Na dawa za namna ile zinazibana figo, hasa mtu akiwa na kiu."

"Sasa misuli ikiuma nifanye nini?"

"Kuuma kidogo baada ya zoezi jipya ni kawaida. Kunaisha baada ya siku mbili tatu, nne zikizidi. Pumzika, tembea taratibu, kunywa maji, lala vya kutosha. Kula maharage, mayai, samaki, ulichonacho. Misuli hujengwa na chakula na usingizi. Lakini maumivu yakizidi, misuli ikivimba, ukikosa nguvu, au mkojo ukiwa wa kahawia, usingoje kesho. Njoo. Rangi peke yake inatosha kukuleta."

Shemeji alikuwa anasikiliza huku anahesabu kwenye vidole.

"Makopo kumi na moja," alisema. "Nimeshauza tisa, ukitoa hili la shemeji na moja lililo nyumbani."

"Unawajua wote?" aliuliza daktari.

"Ninawajua."

"Basi una kazi."

Shemeji alikwenda. Hilo namsifia. Siku mbili alizunguka mlango kwa mlango, akisema mbele za watu kwamba alikosea. Wanane walimrudishia makopo, mmoja alimrudishia na matusi juu yake. Hata hivyo, Alhamisi, siku Nanga aliporuhusiwa kurudi nyumbani, shemeji alikuja kibandani amekunja uso.

"Amebaki mmoja, hanisikilizi. Yule wa kiwanda cha mikate. Wanamwita Nguzo."

Mume aliacha nyundo. "Ulimuuzia nanga wa watu wa mikate?"

"Kaka, mimi nilijuaje kama kamba ina vita? Nimemweleza, akasema nimetumwa na shemeji ili asivute Jumamosi. Kanifukuza."

Nanga alikuwa amekaa papo hapo kwenye kiti cha wateja. Sitasema uongo. Kwa muda mfupi sana wazo baya lilipita kichwani mwake, na yeye mwenyewe alinisimulia. Nguzo asipokuwepo, watu wa kufulia wangeshinda. Lakini hapohapo alikumbuka jagi jeusi. Aliomba viatu vyake.

Mume alimshika mkono mpaka kwenye geti la kiwanda. Nguzo alitoka na unga mikononi, mwanamke mrefu, mabega mapana. Wenzake wawili walimfuata kusikiliza.

"Kumbe umekuja mwenyewe," alisema Nguzo. "Mbinu hiyo ni ya zamani, dada. Niende hospitali, Jumamosi mvute peke yenu."

"Mimi Jumamosi sivuti. Nimekatazwa, nina miezi ya kupumzika."

"Hata mimi ningesema hivyo."

Nanga alimwonyesha plasta mkononi, mahali dripu ilipoingia. Nguzo aliitazama na kuinua mabega. Plasta kila mtu anaweza kubandika. Hapo Nanga alipiga moyo konde, akauliza mbele ya wote.

"Mkojo wako una rangi gani?"

Wale wawili walicheka. Nguzo hakucheka. Alitazama chini, akapangusa unga mkononi ingawa hautoki kwa kupanguswa.

"Tangu jana ni kama chai," alisema mwishowe. "Niliambiwa ni uchafu."

"Na mimi niliambiwa hivyo. Tena nilijisifia bombani. Twende, dada. Mtu wa maabara ni jirani yangu, yuko zamu."

Nguzo alivua aproni, akampa mwenzake. Alitembea kwa shida, na safari hii walikuwa wawili wanaoshika ukuta. Kipimo chake kilionyesha misuli imeumia, lakini figo zilikuwa nzima. Alipewa dripu, akalala usiku mmoja, akaruhusiwa. Dada wa Maabara ndiye aliyewaletea karatasi, na aliposema "nzima" Nguzo alimkumbatia Nanga mpaka plasta ikabanduka.

Jumamosi timu zote mbili zilivuta bila nanga zao. Nanga na Nguzo walikaa benchi moja na chupa ya maji katikati, kila mmoja akipigia kelele upande wake. Watu wa mikate walishinda tena. Nguzo alikuwa muungwana, alishangilia kidogo tu.

Nanga alipumzika kama alivyoagizwa na kurudi kwa vipimo kila alipoitwa. Daktari aliporidhika, alimruhusu kuanza upya polepole. Hakungoja wiki mbili za mwisho. Ilipobaki miezi mitano alivuta pipa mara tatu, siku mbili kwa wiki. Wiki iliyofuata, mara nne. Fundi boila alisimama na kuhesabu, na safari hii akisema basi ilikuwa basi. Chupa ya maji ilikaa kando ya mashine ya pasi, na safari za chooni zilionekana ni sehemu ya kazi. Misuli iliuma mara kwa mara. Aliiacha iume, akalala mapema, na siku ya tatu ilinyamaza yenyewe. Alipotamani tangawizi ya vidonge aliyoiona dukani, alipanda ngazi ile moja na kumuuliza mfamasia. Mfamasia alimwambia kwa historia ya figo zake abaki na ile ya kwenye chai.

Kabla ya kushika kamba mwaka huo, Nanga na Nguzo waliwasimamisha wavutaji wote kumi na sita na kuwaambia habari ya mkojo bila kuzungukazunguka. Wengine waliona haya. Baadaye mmoja alimvuta Nanga pembeni na kumwuliza kuhusu kopo alilonunua mahali pengine.

Mume hakufika kwenye michezo, alikuwa na viatu vya watu vya kumaliza. Jioni Nanga alipanda ngazi, akampita mlangoni na kwenda moja kwa moja chooni. Mume alisimama nje ya mlango wa choo.

"Vipi?" aliuliza.

"Hutaki kujua nani kashinda?"

"Hilo baadaye. Mkojo?"

"Kama maji."

Mume aliegemea ukuta na kucheka kwa raha mpaka binti akatoka chumbani kuuliza kuna nini. Nanga alitoka, akakaa kwenye kiti kwa mara moja, bila vituo.

"Haya, nani kashinda?" aliuliza mume.

"Wao. Mbili kwa moja. Lakini sikuteleza, walituvuta tu. Wale watu wana nguvu, wanakanda unga kila siku."

"Pole, mama. Mwakani basi. Utaanza mazoezi lini?"

"Nimeshaanza," alisema Nanga, akanyoosha miguu. "Kesho napumzika."